Bibi Harusi wa Sinema

Mwaka ule nilikuwa nimerudi kwa baba, Bagamoyo, baada ya kuachika. Mtalaka wangu alikuwa na duka Ubena, kwenye njia kuu ya kwenda bara, na huko ndiko alikobaki binti yetu, kwa bibi yake. Hatukuachana kwa kelele. Tulichoshana tu, akanipa talaka, nikamaliza eda, nikafunga virago. Siku ya kuondoka mtoto alikuwa na homa. Bibi yake akasema tumwache apone kwanza, nami nikaona ni busara. Akapona, lakini hakuletwa. Kila nilipotuma mtu kumwulizia, jibu lilirudi kwa sura tofauti: mara mvua, mara gari limeharibika, mara mtoto mwenyewe hataki. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa likininyima usingizi.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na baba. Mama alikwisha kufariki. Baba alikuwa mtu wa minazi, shamba lake lilikuwa njia ya kwenda Mlingotini, na alikuwa mtu mchangamfu anayependa kila kitu kipya. Kaka yake, baba mkubwa wangu, alikuwa kinyume chake kabisa. Yeye alisomesha watoto Kurani chuoni, na watu wakimjia kwa mambo ya ndoa, mirathi na talaka. Walikuwa ndugu wanaopendana, lakini sikumbuki siku waliyokubaliana jambo kabla ya kubishana kwanza.

Lori la sinema tulikuwa tumelizoea. Lilikuja mara moja moja, likafunga shuka jeupe uwanjani, na watu wote tukaenda kutazama: namna ya kuua mbu, namna ya kupanda mihogo, na mwishoni kichekesho kidogo cha kuwafurahisha watoto. Picha hazikuwa na maneno yake. Msemaji alikaa ndani ya lori na kipaza sauti akitueleza kinachotendeka, na akichoka au akichangamka aliongeza ya kwake.

Siku hiyo lori lilikuja mchana, na halikuja kuonyesha. Lilikuja kutengeneza. Alishuka Mzungu mwenye kamera, mtu mwenye maneno machache, pamoja na yule msemaji, bwana mmoja wa Dar es Salaam mwenye kaptula iliyonyooshwa vizuri na sauti nzito. Huyu sisi tulimwita bwana wa sinema, kwa sababu ndiye aliyezungumza na sisi kwa lugha yetu. Wakafika barazani kwetu, kwa kuwa walikwisha kuambiwa kwamba baba ni mtu wa kupokea wageni.

"Tunataka kutengeneza hadithi," alisema bwana wa sinema. "Kijana anaoa. Mke anachota maji kisimani, wanakunywa hivyo hivyo, mume anaugua. Kisha wanafundishwa kuchemsha maji. Basi, ndiyo hadithi nzima. Lakini harusi tunaitaka iwe ya kweli, ya pwani, si ya kubahatisha."

Baba akauliza, "Na bibi harusi?"

Hapo ndipo ilipokuja kazi. Mke wa mtu asingeruhusiwa na mumewe. Mwari asingetolewa nje. Tena walitaka mtu ajuaye kusoma, ili awe anapewa maelezo kwenye karatasi. Mji mzima, nilibaki mimi: mtu mzima, sina mume, na nilikuwa nimesoma shule kidogo. Baba akanitazama. Nilikuwa ndani ya mlango nikishona kofia, nikakubali kabla hajauliza. Hata leo nikijiuliza kwa nini, naona ni kwa sababu siku zangu wakati ule zilifanana mno.

Bwana harusi akawa fundi cherehani wa mtaa wa pili, kijana mzuri wa sura, mwenye mke na watoto. Na kwa upande wa walii, yule wa kumwoza bibi harusi, bwana wa sinema alimwambia baba, "Wewe ndiye baba yake. Kaa wewe mwenyewe, itapendeza zaidi." Baba akafurahi kama mtoto.

Habari zikamfikia baba mkubwa alasiri hiyo hiyo. Alikuja na bakora yake, hakutaka hata maji.

"Shikamoo, baba mkubwa," nilisema.

"Marahaba. Umekubali jambo hili?"

"Nimekubali."

Akamgeukia baba. "Wewe ni baba yake wa kumzaa. Unataka ukae mbele ya watu, umshike yule fundi mkono, umwambie nimekuoza binti yangu, naye ajibu nimekubali, na mashahidi wamekaa wanasikia?"

"Ni mchezo, kaka. Kila mtu anajua ni mchezo."

"Kila mtu isipokuwa sheria. Ndoa haina mzaha. Ukitamka umetamka. Tukitoka hapo, mwanao ni mke wa pili wa fundi, na kamera yao itakuwa shahidi wa tatu."

 Wapo wazee waliofika barazani jioni ile wakataka jambo lote lizuiwe, kwamba picha ya kiumbe chenye roho ni haramu. Baba mkubwa, ambaye nilidhani atakuwa upande wao, akawaambia kwamba wao wenyewe walipigwa picha za pasipoti walipotaka kwenda Makka na hakuna aliyelalamika. Picha haikumsumbua sana. Kilichomsumbua ni maneno. Kwake yeye, neno ndilo linalohalalisha na ndilo linaloharamisha, na kitu kisichosemwa hakijatendeka.

Bwana wa sinema alisikiliza yote kwa adabu, kisha akasema, "Sheikh, kamera yetu haisikii. Inaona tu. Wanaweza kusema lolote, ilimradi midomo icheze."

Baba mkubwa akamwomba arudie. Aliporudia, baba mkubwa akatulia kabisa, akapiga bakora yake chini mara moja. "Basi waseme upuuzi," alisema. "Lakini mimi nitakaa pale pale kusikiliza, lisiwaponyoke neno."

Siku ya kupiga picha, mke wa fundi alifika kwetu asubuhi na kibakuli cha piko. Bwana wa sinema alikuwa amesema hina haitaonekana, kwa sababu picha zao hazina rangi, basi nirembwe kwa piko nyeusi. Nilimwambia dada yule kwamba ningeweza kumpata mtu mwingine wa kunipaka.

"Hapana, nataka nikupake mimi," alijibu. "Nikikupaka kwa mkono wangu, moyo wangu utajua ni mchezo."

Alinichora taratibu, maua na majani mpaka kwenye kifundo cha mkono, na hatukuzungumza sana. Alipomaliza alinipulizia vidole vikauke, akacheka peke yake. Baadaye tukawa marafiki, lakini siku ile niliona ushujaa wake tu.

Kuozwa kulipigwa picha kwenye baraza ya msikiti mdogo, mimi sikuwepo, kama ilivyo desturi. Nilisimuliwa baadaye. Baba alimshika fundi mkono, akamkazia macho, na kwa sauti ya heshima kubwa akasema, "Kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi." Fundi naye akajibu bila kutikisika, "Bafta, marekani, drili, kaniki, poplini." Mashahidi walijiuma midomo. Baba mkubwa alikuwa amekaa pembeni, ameinamisha kichwa ili asikie vizuri, uso umekaza. Aliridhika kwamba hakuna lililoponyoka.

Kisha wakaja kwetu kunipiga picha mimi. Walitaka fundi aingie chumbani anifunue ushungi. Baba mkubwa akakataa, na mimi pia nikakataa. Bwana wa sinema hakubishana. Akampiga picha fundi peke yake, akibisha hodi kwenye mlango wa nyumba ya jirani na kuingia. Siku ya pili wakanipiga picha mimi peke yangu, nimekaa kitandani, asumini kichwani, macho chini. Mzungu akaomba kupitia kwa mwenzake niinue macho polepole, kana kwamba mtu ameingia. Mbele yangu hapakuwa na mtu ila kamera na ukuta. Nikainua macho. Sijui ni nini kilichonijia, lakini wakati ule nilimfikiria binti yangu, kwamba mlango unafunguka na anayeingia ni yeye. Mzungu akasema neno moja, na bwana wa sinema akalifasiri: "Vizuri sana. Haturudii."

Wakapiga na mengine: mimi nachota maji, mimi nachemsha, mkono wangu unatoa kikombe. Fundi, siku nyingine, mahali pengine, anapokea kikombe na kunywa. Kwa siku zote zile mimi na fundi hatukukaa chumba kimoja hata mara moja.

Ilipita miezi mingi ndipo lori liliporudi kuonyesha. Watu walijaa uwanjani baada ya sala ya Isha, wanawake upande wao, wanaume upande wao. Nilijifunika buibui, nikakaa karibu na mke wa fundi. Mwanzoni tulicheka, kwa sababu kila mtu alikuwa akitafuta ukuta wake na mbuzi wake kwenye picha. Baba akaonekana, watu wakashangilia. Baba mkubwa akaonekana pembeni, wanafunzi wake wakapiga makofi, naye akatikisa kichwa lakini hakuondoka.

Halafu fundi akabisha hodi. Mlango ukafunguka, akaingia. Na mara hiyo hiyo, bila hata kupepesa, nikawa mimi, nimekaa kitandani, nainua macho yangu kumtazama.

Uwanja mzima ulipiga vigelegele.  Mlango ulikuwa wa jirani, kitanda kilikuwa cha kwetu, kati yao kulikuwa na usiku mzima, na sasa vyote vilikuwa kitu kimoja. Alikuwa ameingia na mimi nilikuwa nimemtazama. Msemaji kwenye kipaza sauti akasema, "Tazameni, wamekwisha kuoana, sasa wanaanza maisha yao." Mke wa fundi alinishika mkono akaubana. Sikujua kama ananiliwaza au anajiliwaza.

Baba mkubwa alikuja kwetu kesho yake asubuhi. Alikaa, akailaza bakora yake mapajani.

"Nililinda maneno," alisema. "Sikujua kwamba wanaweza kuunganisha watu kwa mkasi."

Ningefurahi kama mambo yangeishia hapo. Lakini lori lilikuwa na safari. Lilipita Chalinze, likafika Ubena.

Nilipata habari kwa mtu mmoja aliyetoka huko na gunia la mahindi. Aliniambia kwamba mtalaka wangu ametangaza dukani kwake kuwa mimi nimekwisha kuolewa, kwa hiyo haki yangu ya kumlea mtoto imekatika, na hata tukimdai mbele ya kadhi hatuna hoja. Aliwaambia watu, "Mimi sikuambiwa. Nimeona kwa macho yangu. Baba yake anaozesha, na sheikh mwenyewe, baba yake mkubwa, amekaa hapo anasikiliza."

Nililia siku ile kuliko siku niliyopewa talaka. Baba alitaka kuondoka wakati ule ule aende Ubena. Baba mkubwa akamzuia. Alisema, "Ukienda wewe itakuwa ugomvi. Waje wao. Nitawaandikia waje, mimi ndiye niliyeonekana pale."

Wakaja, sikutegemea. Waliteremka kwenye lori la mizigo siku ya Jumamosi: mtalaka wangu, mama yake, na binti yangu. Mama yake alikuwa amevaa kanga mpya na amebeba kapu la mchele. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," kama nilivyokuwa nikimwamkia siku zote, naye akaitikia marahaba, akanikabidhi lile kapu. Ilikuwa zawadi ya harusi. Alikuja kunipongeza. Mtu wa namna hiyo huwezi kumchukia.

Mtoto alisimama nyuma ya bibi yake. Alikuwa amerefuka. Alinitazama miguu, kisha mikono, akauliza, "Maua yamekwenda wapi?"

"Maua gani, mwanangu?"

"Ya mikononi. Nilikuona."

Bibi yake ndiye aliyenieleza. Usiku ule wa sinema mtoto alipoona uso wangu aliinuka akaita mama, watu wakamkalisha, akainuka tena. Picha ilipobadilika alikimbia mbele, akazunguka nyuma ya shuka kunitafuta. Hakukuta kitu ila kamba na giza. Walipomrudisha alisema kwamba mama alimtazama yeye.

 Nilimvuta, naye akaja, mwanzoni mkakamavu, kisha akaulaza mwili wake wote kwangu.

Nje barazani wanaume walikwisha kuanza. Tuliwasikia kupitia dirishani.

"Sheikh, mimi nakuheshimu," mtalaka wangu alikuwa akisema. "Lakini nimeona, na watu wa Ubena wote wameona. Ulikuwepo, hukuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Basi tunabishana nini?"

"Uliona. Ulisikia?"

"Alisema yule wa kwenye kipaza sauti, kwamba wameoana."

"Yule ni walii? Ni shahidi? Ndani ya lori yeye husimulia hadithi ya picha, si kilichosemwa Bagamoyo."

Baba akamtuma mtu amwite fundi. Fundi akaja na futi yake ya kupimia bado iko shingoni, na mkewe nyuma yake. Baba mkubwa akamwambia, "Mweleze bwana huyu ulichomjibu ndugu yangu siku ile."

Fundi aliona haya. Akasema kwa sauti ndogo, "Bafta, marekani, drili, kaniki, poplini."

"Nini?"

"Vitambaa, bwana. Nilitaja vitambaa. Nilikuwa nimeambiwa nisiseme neno la ndoa."

"Na mimi nilitaja nazi," baba akadakia, na hakuweza kujizuia, akacheka. Mke wa fundi naye akasema kutoka mlangoni, "Na piko nilimpaka mimi, kaka. Ningempaka mke mwenzangu?"

 Mtalaka wangu hakuwa mtu mbaya, na hakuwa mjinga. Alijifuta uso kwa leso. Aliuliza, taratibu sasa, "Lakini nilimwona anaingia. Na yeye akamtazama."

"Hakuingia kwangu," nilisema kutoka dirishani. Sikupaswa kuingilia mazungumzo yao, lakini niliingilia. "Aliingia nyumba ya jirani. Mimi nilitazama ukuta."

Mama yake, ambaye alikuwa amekaa nami mkekani, ndiye aliyekata shauri. Aliinuka, akasimama mlangoni, akamwambia mwanawe, "Umesikia. Hana mume. Mtoto amemwona mama yake kwenye shuka, ameugua kwa kumtaka. Mimi nimezeeka, siwezi kumkimbiza kila sinema ikija. Atabaki hapa." Kisha, kwa kuwa bado alikuwa na hofu yake, akanigeukia, "Lakini utaniruhusu nimwone."

"Nyumba hii ni yako, mama," nilimjibu, na sikuwa nikisema kwa adabu tu.

Mtalaka wangu alikubali. Alilala kwa jamaa zake, na kabla ya kuondoka alipita tena, akanikuta nimekaa barazani na mtoto. Alizungumza mambo ya mvua na ya duka. Mwishowe akasema, "Nilipokuona pale Ubena niliumia. Sikujua kwamba ningeumia. Tungeweza kurudiana, kama utataka."

Nilimwambia nitafikiri, na nilifikiri kweli. Nilimpelekea jibu la hapana, kwa maneno mazuri. Nilijua kwamba anayemtaka si mimi niliyekaa naye tukichoshana miaka yote ile. Anamtaka yule mwenye asumini, asiyesema kitu, anayeinua macho polepole. Huyo hata mimi simjui.

Baba mkubwa hakuliacha jambo lipite hivi hivi. Lori liliporudi msimu uliofuata, alimwendea bwana wa sinema, wakakaa wawili kwenye kivuli cha lori, wakazungumza mpaka adhuhuri. Nilidhani atamfokea. Alitaka kujua tu. Aliuliza mkasi unakata wapi, kipande kinagandishwaje na kipande, na nani anayeamua kipi kije nyuma ya kipi. Bwana wa sinema akamfungulia sanduku, akamwonyesha utepe wenyewe, picha ndogo ndogo zimepangana. Baba mkubwa aliuinua juu akautazama kwenye jua kwa muda mrefu.

Alichoomba kilikuwa kidogo: kabla ya kuonyesha, msemaji awaambie watu kwamba hawa si mke na mume, ni watu wanaocheza ili kufundisha. Bwana wa sinema alikubali, na usiku ule akasema hivyo hivyo, kwa ile sauti yake nzito. Watu wakaguna. Mmoja akapiga kelele nyuma, "Sasa umetuharibia!" Wengine wakacheka, lakini baba mkubwa alionekana ametua mzigo.

Kama huko mbele ya safari aliendelea kusema, sijui. Nilipokwenda Mkange kwenye msiba wa jamaa, mwanamke mmoja ambaye sijapata kumwona alinishika mkono akaniuliza, "Mumeo amepona tumbo?" Nilianza kumweleza, nikaona jinsi anavyonitazama kwa huruma ya kweli, nikamjibu kwamba amepona, alhamdulillahi, sasa anakunywa maji yaliyochemshwa. Akafurahi, akasema na yeye nyumbani kwake siku hizi anachemsha.

Binti yangu aliingia chuoni kwa baba mkubwa, na baadaye shule. Bibi yake alikuja kila baada ya mavuno, akakaa nasi kwa muda, akalala na mjukuu wake kitanda kimoja. Asubuhi nikiamka nilikuwa nikiwakuta wamekwisha kuamka kabla yangu, wako uani, mmoja anakuna nazi na mwingine anamsimulia mambo ya shuleni, na hakuna hata mmoja aliyenisikia nikipita.